Kuota Jua

Saa kumi na moja alfajiri lango la kiwanda, Masese,
hunimeza. Saa moja jioni hunitema.
Katikati, jua huja Jinja na kuondoka
kama mgeni aliyebisha hodi kwa jirani.

Ndani ni taa za mirija, nyeupe, zisizo na joto,
barafu, gambuti, kofia ya wavu, kisu.
Namchuna sangara. Minofu hupanda ndege,
mgongo hushuka sokoni, kichwa huenda kwa mama wa supu,
na mafuta, yale ya manjano yanayolala tumboni,
huingia ndoo ya bluu ya mtu nisiyemjua.
Miaka kumi na tisa. Hesabu samaki wewe,
mimi niliacha nilipoanza kuwaona usingizini.

Mwezi wa tatu moyo ulianza vituko:
ngazi nane tu za stoo, nao unagonga
kama bati lililong'oka msumari mmoja.
Gomesi ya harusi ya Kagoya haikunifunga.
Nikasema ni umri. Wifi akasema ni chapati.

Daktari Apolot, kliniki ya juu ya duka la saruji,
husoma majibu kama barua ya mtu mwingine.
"Presha, mia na sitini na mbili.
Sukari iko mlangoni, haijaketi.
Na hii hapa, vitamini D: kumi na moja."
Kumi na moja ni nyingi?
Akavua miwani. "Tungependa ishirini, hata thelathini.
Hii hupikwa na ngozi, kuni zake ni jua."

Nilicheka hadi muuguzi akachungulia.
Daktari, ikweta imepita hapo ziwani!
Jua letu hukausha mihogo, hukausha mukene,
hupasua midomo ya mafundi wa barabara,
na mimi ndiye niliyepungukiwa?
Kweli penye miti hapana wajenzi.

Nikamuuliza: ndicho kinachoniumiza moyo?
Alikawia. Nilimpenda kwa kukawia kule.
"Sijui, mama. Wenye upungufu wengi
wana mioyo iliyochoka, hilo tumeliona.
Lakini nani alimtangulia mwenzake?
Anayeshinda ndani, asiyetembea, anayekula usiku wa manane,
huenda jua kwake ni shahidi, si mshtakiwa.
Wamepewa watu vidonge, maelfu,
na mioyo mingi haikubadilika.
Hivi meza kwa ajili ya mifupa.
Moyo, sikukuahidi.
Ya presha usiruke hata siku moja. Na utembee."

Nikatembea hadi nyumbani, mwavuli mkononi.
Mwavuli!
Mvua haikuwepo. Nimeubeba tangu usichana,
tangu shangazi aliponiambia nitaungua kama sufuria
na hakuna atakayeleta ng'ombe kwa sufuria.
Kila Jumapili, kutoka kanisani, chini ya kivuli changu cha kukodi,
na krimu ya elfu tano shavuni.
Ngozi ilikuwa na kazi yake. Mimi nikaiachisha kazi.

Sasa, saa ya chakula, natoka nyuma ya chumba cha barafu.
Dakika ishirini. Nilizipigania kwa barua mbili.
Nakunja mikono ya koti, nageuza kreti, nakaa.
Nabirye alikuja siku ya tatu, kisha yule kimya wa mizani,
kisha saba, tumepangwa ukutani
kama mukene.
Msimamizi akatoka na daftari lake:
"Mnafanya nini hapa?"
Tunaota, nikamwambia.
"Mnaota nini?"
Hakuna aliyemjibu. Nabirye alikuwa amefumba macho.

Juzi presha ilikuwa mia na hamsini na moja.
Sukari bado iko mlangoni, imeegemea tu fremu.
Kaloli mmoja mzee, kando ya pipa la matumbo ya samaki,
amefungua mbawa zote mbili, amesimama hivyo,
kipara chake kinawaka.
Yeye hakuandika barua kwa mtu.